Maneno ya Mdomoni Mpakani: Kiswahili cha Kasese na Bwera Kinapotafsiriwa kwa Kiingereza

Wanafunzi wetu wa tafsiri huzoeshwa zaidi kufanya kazi na matini yaliyoandikwa: hotuba, barua za ofisi, taarifa za magazeti, hadithi. Maneno yanayosemwa sokoni, kambini au kwenye foleni ya hospitali hayapati nafasi kubwa katika mihadhara. Lakini magharibi mwa Uganda Kiswahili kilisemwa miaka mingi kabla ya kufundishwa, na mengi yaliyosemwa yalilazimika kuandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza ndiyo lugha ya mahakama, ya ripoti na ya faili za hospitali. Katika makala hii tunalichukua eneo la Kasese na Bwera, chini ya milima ya Rwenzori na kando ya mpaka wa Kongo. Tunakusudia kuonyesha jinsi misemo michache ya mazungumzo ilivyoingia huko na matatizo ambayo imewaletea watafsiri hadi leo.

Jinsi Kiswahili kilivyofika

Mwezi Juni 1889 msafara wa Henry Morton Stanley, ukirudi pwani pamoja na Emin Pasha, ulipita bonde la Semliki na kufika kwenye ziwa la chumvi la Katwe. Wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Unguja. Miaka miwili baadaye, 1891, Frederick Lugard alijenga ngome karibu na Katwe. Hivyo watu wa kwanza kuzungumza Kiswahili katika eneo hili walikuwa wapagazi na askari, wala si walimu.

Hali hiyo haikubadilika sana wakati wa ukoloni. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mwaka 1929, na viongozi wa makanisa nao hawakukiunga mkono. Mpango ukafifia. Kiswahili kikabaki lugha ya King's African Rifles na ya polisi. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese, na shaba ya Kilembe ikaanza kusafirishwa kwenda kuyeyushwa Jinja. Mgodi ulikusanya wafanyakazi wa makabila mengi hadi uzalishaji wa shaba uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pale ambapo Mkonzo, Mtoro, Mganda na mgeni kutoka mbali walifanya kazi bega kwa bega, Kiswahili cha kusikilizana kilitosha. Hakuna aliyeuliza kama ni sanifu.

Tuangalie neno moja la kazi: nyapara. Asili yake ni Kinyamwezi. Katika misafara ya karne ya 19 mnyapara alikuwa kiongozi wa kundi la wapagazi, mtu wao, aliyewasemea mbele ya mwenye msafara. Chini ya ukoloni likawa jina la msimamizi wa mashamba, barabara na magereza, ambaye mara nyingi alishika fimbo. Kiingereza kina neno lake la kumtaja msimamizi, lakini neno hilo halionyeshi kwamba cheo kilihama kutoka upande wa wapagazi kwenda upande wa mwajiri. Mtafsiri wa masimulizi ya wazee hana budi kwanza kujua ni nyapara wa miaka ipi.

Maneno ya askari na ya wakati mgumu

Kundi la pili ni la kambini. Afande limetoka katika Kituruki, efendi, likapitia jeshi la Misri na Sudani hadi kwa askari wa Afrika Mashariki. Mwaka 1959 effendi lilikuwa cheo kamili katika King's African Rifles, na Idi Amin alikuwa miongoni mwa waliokipata. Leo raia wa Kasese humwita afande askari yeyote, hata asiye na nyota begani. Kwa hiyo anayeliandika kama "officer" katika maelezo ya polisi anaweza kumpandisha cheo askari wa kawaida, na kubadilisha kabisa swali la nani alitoa amri.

Neno zito zaidi ni panda gari. Katika miaka ya 1980 Waganda walitumia jina hilo kwa misako ambamo askari walizingira mtaa, wakawakusanya watu na kuwapakia kwenye malori. Kisarufi ni amri, tena ya umoja: askari aliliambia kundi zima "panda" wala si "pandeni". Kiswahili cha kambini hakikujali kiambishi hicho, na pengine hakikuona sababu ya kukijali mbele ya watu waliopiga magoti. Amri hiyo ikageuka kuwa nomino. Mtu husema alichukuliwa katika panda gari. Mtafsiri akiandika kwa Kiingereza maneno ya kumwalika mtu aingie garini, amepata maana ya kamusi na kukosa hofu iliyomo. Akiandika neno la jumla la msako, hofu imebaki kidogo, lakini sauti ya askari imepotea. Kwa maoni yetu ni bora kuliacha neno lenyewe na kulieleza mara moja, kwa sababu kwa wale yaliyowakuta ni jina la tukio.

Mafuta mingi nalo lina historia yake. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na maduka yao yakagawiwa wanajeshi na watu waliokuwa karibu na serikali. Hao matajiri wapya wakaitwa mafuta mingi. Mwalimu atasahihisha haraka: mafuta mengi. Lakini ukisahihisha umelivunja jina. Watu hawakusema habari za mafuta ya kupikia. Walikuwa wanacheka unono wa mtu aliyepata bila jasho. Kiingereza nacho kina misemo inayofananisha utajiri wa haraka na unono, na hapo mtafsiri ana bahati. Anachopaswa kuongeza ni mwaka 1972, maana bila mwaka huo msomaji hatajua kwa nini kicheko kilikuwa na uchungu.

Uchumi ulipoharibika, bidhaa na kahawa zilianza kufuata njia za magendo, na Bwera, iliyo kando ya mto Lhubiriha, ilikuwa mahali pazuri pa kuvukia. Sheria ilisema ni uhalifu, na Kiingereza cha sheria hulitafsiri magendo kwa neno la uhalifu. Lakini ng'ambo ya mto wako Wanande, ambao lugha yao na Lukonzo ni karibu kitu kimoja. Mkulima aliyevusha gunia la kahawa kwa shemeji yake alisema anafanya magendo kama vile mwingine anavyosema anafanya biashara. Wachunguzi wa uchumi wa Uganda, kama Reginald Green na Nelson Kasfir mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliliacha neno magendo katika vichwa vya makala zao za Kiingereza. Tunaona walifanya vizuri.

Sarufi ya mpakani

Mbali na maneno, kuna sarufi. Mpakani Mpondwe, Kiswahili cha Uganda hukutana na Kiswahili cha Kongo. Huyu anasema "mimi hapana jua", yule anasema "batu beko mingi". Ni kosa gani kubwa zaidi ambalo mtafsiri anaweza kufanya hapa? Ni kuyapeleka maneno hayo katika Kiingereza kilichovunjika. Shahidi aliyesema "mimi hapana jua" amesema hajui, basi. Ukimwandikia Kiingereza cha mtoto, hakimu atamwona mjinga, na ujinga huo umeletwa na mtafsiri.

Somo zuri kuhusu jambo hili linatoka Lubumbashi. Mwaka 1965, mji ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu kilitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili cha huko, iliyotayarishwa na André Yav. Maandishi hayakufuata tahajia sanifu, wala maneno hayakutenganishwa kwa utaratibu. Johannes Fabian alipotaka kuyatafsiri kwa Kiingereza hakuanza na kamusi. Alimwomba Kalundi Mango, mzungumzaji wa lugha hiyo, ayasome kwa sauti, kisha usomaji huo ukaandikwa upya na kutafsiriwa. Kitabu kilitoka mwaka 1990. Maandishi yaliyoonekana kama fujo machoni yalikuwa na mpangilio yaliposikika masikioni.

Pale ambapo tafsiri ni uhai

Mwezi Juni 1911 au Juni 2019, mgonjwa huanza kwa kusema anavyojisikia. Tofauti ni kwamba mwaka 2019 neno moja lililopotoka lingeweza kuhatarisha kijiji kizima. Mwezi huo Ebola, iliyokuwa ikiua watu mashariki mwa Kongo tangu Agosti 2018, ilivuka na kuingia wilaya ya Kasese. Mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na familia yake alithibitishwa kuwa nayo, akafariki katika hospitali ya Bwera.

Tufikirie kazi ya mkalimani katika hali kama hiyo. "Mtoto anaendesha" katika mazungumzo ya sehemu nyingi maana yake anahara, ingawa kamusi itampa usukani. "Homa" yaweza kuwa joto la mwili, malaria au mafua. "Ndugu yangu" yaweza kuwa mtoto wa mama mmoja au wa baba mdogo, na orodha ya waliomgusa mgonjwa hutegemea tofauti hiyo. Majina nayo yana mtego. Wakonzo huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: Baluku, Bwambale, Masereka, Kule. Ng'ambo, Wanande husema Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule. Karani akidhani Kambale ni jina la ukoo atawaunganisha watu wasiohusiana kabisa na kuwatenganisha ndugu wa tumbo moja.

Tunayopendekeza

Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha utekelezaji wake. Mwaka huohuo Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mahitaji ya wakalimani wa mpakani yataongezeka, na wengi watatoka katika idara kama yetu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kozi za tafsiri ziwe na masimulizi yaliyorekodiwa, si maandishi peke yake. Pili, mwanafunzi ajifunze kuuliza kabla ya kutafsiri: neno hili linasemwa na nani, na lilianza lini? Tatu, wanafunzi wanaotoka Kasese na Bwera waombwe kukusanya maneno ya kwao kutoka kwa wazee waliofanya kazi Kilembe, maana mgodi ulisimama zamani na wazee hao wanapungua kila mwaka. Kiswahili sanifu tutaendelea kukifundisha na kukisahihisha darasani. Mbele ya mgonjwa au shahidi, kazi yetu ni kusikiliza alichosema.