Ganzi ya Kidole cha Mwisho: Ekografia Huona Nini Kiwikoni

Ekografia si ya wajawazito peke yao. Neva ya alna hupita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, karibu kabisa na ngozi. Ikibanwa, kidole cha mwisho na nusu ya jirani yake hufa ganzi. Mashine huonyesha uvimbe: neva ikizidi takriban milimita 10 za mraba, daktari hushuku. Pia huongoza sindano ya dawa bila kuichoma neva. Hali nyepesi mara nyingi hupata nafuu kwa kuacha kuegemea kiwiko na kulala mkono umenyooshwa.

Ila hapa Kongo tuulize kwanza: si ukoma? Nao huvimbisha neva hiyohiyo, mara nyingi juu kidogo ya kiwiko. Tazameni ngozi: kuna baka lisilohisi? Kumficha mgonjwa nyumbani ndiko kunakopoteza vidole, na hatuoni sababu yake, kwani dawa za ukoma hutolewa bure tangu 1995.