Mwachano: muda kati ya basi na basi

Mpangaji wa ratiba za mabasi huanza na swali moja: basi hili likishapita Manzese, Dar es Salaam, linalofuata litapita hapo baada ya dakika ngapi? Muda huo, ukipimwa kuanzia pua ya basi la mbele hadi pua ya basi la nyuma, ndio kipimo kinachobeba fani nzima. Kwa Kiswahili ninauita mwachano.

Wapo wanaopendelea masafa. Neno hilo limeshachukuliwa na redio, na kwa msafiri bado ni umbali. “Idadi ya mabasi kwa saa” inaeleweka, ila inapima kitu kingine, kama tutakavyoona. Mpishano lina mvuto, maana tunasema watoto wamepishana miaka miwili. Kikwazo kiko relini. Kwenye reli ya njia moja, kupishana ni treni mbili kutoka pande mbili kukutana stesheni, moja ikangoja kwenye njia ya pembeni hadi nyingine ipite. Ratiba ya reli hujengwa juu ya mipishano hiyo, na si vizuri fani moja ilitumie neno lilelile kwa mambo mawili. Lakini ukisema basi la mbele limeliacha la nyuma dakika tano, hakuna atakayeuliza maana.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kwenda Kivukoni kutoka Kimara na kurudi, pamoja na mapumziko ya vituo vya mwisho, ni dakika 120. Ukitaka mwachano wa dakika 5, gawanya: unahitaji mabasi 24. Ukiwa nayo 20, mwachano ni dakika 6, na hakuna amri ya ofisini itakayoubadilisha. Foleni ikirefusha mzunguko hadi dakika 150, mabasi yaleyale 24 yataachana dakika 6 na sekunde 15, ingawa hakuna hata moja lililoharibika. Ndiyo maana njia maalumu, kama ile ya mabasi ya mwendokasi iliyoanza kutumika Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro, ina thamani kubwa hata kabla ya kuongeza magari: inafupisha mzunguko, na mzunguko ukifupika basi moja linapiga tripu nyingi zaidi.

Kazi ngumu ni kuulinda mwachano barabarani. Basi likichelewa dakika moja tu Ubungo, Shekilango linakuta abiria waliojikusanya kwa dakika moja zaidi. Kuwapakia kunalichelewesha tena, na Urafiki linakuta umati mkubwa kuliko huo. Huku nyuma, basi la pili linapita vituo ambavyo watu wameshazolewa. Milango inafunguka, inafungwa, linaondoka. Kufika Magomeni Mapipa yameshikana: la mbele watu wamebanana hadi mlangoni, la nyuma lina viti vitupu. Hakuna dereva aliyezembea. G. F. Newell na R. B. Potts walilieleza jambo hili kihesabu mwaka 1964: mwachano ukiachwa bila usimamizi, huvurugika wenyewe.

Dawa mojawapo ni kulishikilia basi la nyuma kituoni kwa muda. Abiria waliomo ndani hukasirika, na wana haki ya kuambiwa sababu, lakini mimi naiunga mkono dawa hiyo bila kusita. Mabasi sita kwa saa yakiachana dakika 10 sawasawa, anayefika kituoni bila kutazama saa husubiri wastani wa dakika 5. Mabasi hayohayo sita yakija mawilimawili, kila jozi baada ya dakika 20, wastani unakuwa dakika 10. Ripoti ya jioni itaonyesha kwamba safari zote zimefanyika, na itakuwa kweli. Ila mama mwenye mtoto mgongoni atakuwa amesubiri mara mbili ya muda alioahidiwa. Idadi ya safari ni kipimo cha mwenye mabasi. Mwachano ni kipimo cha anayesubiri.

Daladala nazo zina mwachano, ila hauwekwi na saa. Gari huondoka likijaa, kwa kuwa dereva ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni. Mchana watu wakipungua, kujaza kunachukua muda mrefu na mwachano unatanuka bila mtu kuupanga. Hata kukatisha ruti, kosa linalowachefua abiria, lina ndugu yake halali katika ratiba: basi hugeuzwa katikati ya njia ili kuziba pengo upande wa pili. Tofauti iko kwa aliyeamua, na kama abiria alijua kabla ya kulipa nauli.

Usiku kuna suala jingine. Saa tatu, kwa kuhesabu vichwa tu, huenda basi moja kila dakika 40 lingetosha. Lakini muuguzi anayetoka zamu hapaswi kusimama gizani dakika 40. Hapo mwachano lazima uwekwe kwa uamuzi: dakika 20 ndio kikomo, hata basi likiondoka na watu tisa. Na kwa kuwa dakika 20 ni nyingi kwa mtu kubahatisha, saa za basi ziandikwe kwenye kila kituo: 3:00, 3:20, 3:40.