Kuumba, Kubuni na Kutunza: Kihamba Mbele ya Fikra za Utupu

Mama Kanisa anatufundisha kwamba Mungu peke yake ndiye anayeumba pasipo kitu. Binadamu, aliyeumbwa kwa sura yake, hubuni: hupokea kilichopo na kukipa umbo jipya. Tofauti hiyo ni msingi wa maadili ya mazingira.

Unihilisti ni fikra kwamba hakuna kitu chenye maana au thamani ya asili. Mwanafalsafa Mjerumani Friedrich Nietzsche (1844–1900) aliueleza kuwa hali ambayo tunu kuu hupoteza thamani na swali la “kwa nini?” hukosa jibu, akaona kwamba binadamu hana budi kujiundia tunu mpya. Hapo linazuka swali zito: ikiwa thamani yote inatoka kwetu, mti usiotufaa utalindwa na nini?

Katika miteremko ya Kilimanjaro, kihamba cha Wachaga kinatupa jibu. Ni ubunifu wa vizazi vingi: juu miti ya kivuli kama mringaringa, kisha migomba, na chini yake kahawa na magimbi. Ng’ombe hulishwa zizini, na samadi hurudi migombani. Mifongo huleta maji ya mlimani, nayo hugawanywa kwa zamu. Wazee huzikwa humo humo, na isale huonyesha mipaka. Anayerithi kihamba anajua kwamba hakuanzia kwenye utupu, wala si wa mwisho. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo huo, huko Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Hata hivyo, vihamba vinazidi kugawanywa vipande vidogo na miti inakatwa. Kati ya mwaka 1912 na 2011 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85. Ndipo unihilisti unapobisha hodi bila kujitaja jina: “Barafu inaisha, mti wangu mmoja utasaidia nini?”

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, anafundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kisipotuletea faida. Kwa hiyo hatupandi mti kwa sababu tuna hakika ya kuirudisha barafu, wala hatuzibui mfongo ili tusifiwe. Twafanya hivyo kwa kuwa tulivipokea kama zawadi, na wapo watakaovipokea kutoka mikononi mwetu.