Cuscatlán: Jina Lilibaki, Watu Je?

Nilipoanza kusoma historia ya El Salvador, nilidhani Antiguo Cuscatlán ni magofu. Jina lenyewe linamaanisha "Cuscatlán ya Kale". Kumbe ni mtaa wa mabwanyenye, umepakana na mji mkuu, San Salvador. Ubalozi wa Marekani uko huko, na maduka makubwa ya Multiplaza na La Gran Vía pia yako huko.

Kabla ya hayo yote, hapa palikuwa makao ya utawala wa Wapipil, watu wa lugha ya Nawat. Cuscatlán kwa lugha yao ni mahali pa vito.

Mwaka 1524 Mhispania Pedro de Alvarado aliingia hapa akiwa na jeraha la mshale mguuni, alilolipata vitani Acajutla. Wenyeji wakakimbilia milimani. Akawatumia wajumbe waje wajisalimishe. Wakamjibu kwamba akiwataka awafuate huko huko, wanamngoja na silaha. Alikaa siku 17, akashindwa kuwatoa. Basi akawafungulia kesi wasipokuwepo, akawahukumu kifo kwa uhaini. Waliotekwa walipigwa chapa ya utumwa, na thamani yao ikalipia farasi 11 waliouawa vitani. Sijayatoa kwa adui zake haya. Aliyaandika mwenyewe katika barua kwa Hernán Cortés. Hebu fikiria: unaitwa mhaini kwa mfalme ambaye hujawahi hata kumsikia!

Wahispania walirudi, na hatimaye wakashinda. Lakini Nawat haikufa siku hiyo. Iliendelea kusemwa kwa karne nne, hasa magharibi mwa nchi, mpaka Januari 1932. Wakulima walipoasi huko, jeshi la Jenerali Maximiliano Hernández Martínez liliua maelfu kwa maelfu, wengi wao wenyeji asilia. Baada ya hapo, kuvaa nguo za kwenu au kuongea lugha ya mama kulikuwa kujitafutia kifo. Wazazi wengi waliacha kuwafundisha watoto wao Nawat. Nani angewalaumu?

Linaloniuma zaidi ni hili. Wapipil wanyamaze, lakini shujaa wao apambe taifa. Hadithi inamtaja Atlacatl, mtawala wa Cuscatlán aliyempinga Alvarado. Wanahistoria wengi wanatilia shaka kama aliwahi kuishi. Jeshi halikujali, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe lilikipa kikosi chake maalumu jina hilo, Batalioni ya Atlacatl. Desemba 1981, batalioni hiyo iliua karibu watu elfu moja kijijini El Mozote na jirani zake, watoto wengi wakiwemo.

Usiku wa kuamkia Novemba 16, 1989, askari wake waliingia Chuo Kikuu cha UCA, wakawaua mapadre sita Wajesuiti, akiwemo mkuu wa chuo, Ignacio Ellacuría. Walimuua pia mpishi, Elba Ramos, na binti yake, Celina. Chuo hicho kiko Antiguo Cuscatlán.

Yaani jina la mlinzi wa Cuscatlán lilirudi Cuscatlán kuua. Batalioni ilivunjwa mwaka 1992, vita vilipoisha. Leo wanaosema Nawat wamebaki wachache, wengi wao wazee. Ila jina Cuscatlán utalikuta kwenye kila kibao cha mtaa ule, na wengi wanaopita hapo hawawezi kuomba hata maji kwa lugha iliyolizaa.