Ushahidi wa Ufufuo na Kanisa la Masasi na Newala

Ukristo umejengwa juu ya dai la kihistoria: kwamba Yesu wa Nazareti, aliyesulubiwa Yerusalemu wakati wa liwali Pontio Pilato, alifufuka siku ya tatu na kuonekana na watu waliomfahamu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba dai hilo likianguka, mahubiri yote na imani yote ni bure. Kwa kuwa linahusu tukio, linaweza kuulizwa maswali anayouliza mwanahistoria kwa tukio lolote: nani aliona, nani aliandika, baada ya muda gani, na je, yapo maelezo mengine yanayotosha? Huko Masasi na Newala, kusini-mashariki mwa Tanzania, maswali hayo yana historia yake. Yamekuwa kati ya Wakristo na majirani zao Waislamu tangu mwanzo, na miaka ya 1913 hadi 1915 yalimfanya askofu wa eneo hilo agombane na viongozi wa kanisa lililomtuma.

Imani hiyo ilifika Masasi mwishoni mwa mwaka 1876. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza iliyoanzishwa baada ya hotuba ya David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857, aliondoka Unguja na kundi la watu hamsini na kitu waliokombolewa kutoka utumwani. Walishuka Lindi, wakaingia bara wakiwa na nia ya kuelekea Ziwa Nyasa, upande ambako wengi wa watumwa wa soko la Unguja walikuwa wametekwa. Walipofika kwenye majabali ya Masasi wakaona ardhi nzuri, wakaamua kukaa. Mwaka 1878 misheni ikafungua kituo kingine Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde unaotazama bonde la Ruvuma, katika himaya ya Matola, mkuu wa Wayao. Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wa huko waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua na kuchukua mateka. Kwa muda Newala ikawa kimbilio na makao ya kazi yote ya misheni katika eneo hilo.

Wazungu wa misheni walikuwa wachache na walikufa mapema. Waliobeba ujumbe hadi vijijini walikuwa hasa walimu wa Kiafrika waliosomea Kiungani, Unguja. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, alipewa ushemasi mwaka 1886 na upadre mwaka 1890, akawa Mwafrika wa kwanza kupadirishwa katika misheni hiyo. Alifanya kazi Chitangali, kwa mkuu Barnaba Nakaam. Kwa hiyo wengi walisikia habari za ufufuo kwa mdomo wa mtu waliyemjua kabla ya kuzisoma. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilichapishwa mwaka 1891, miaka kumi na tano baada ya kundi la kwanza kufika Masasi.

Waliowasikiliza walikuwa na fikra zao juu ya kifo. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwamba mtu anaendelea kuwako baada ya kufa halikuwa jambo la kubishaniwa. Mahoka, kama Wamakonde wanavyoziita roho za wazee waliotangulia, walikumbukwa katika ugonjwa, ukame na mavuno. Wayao waliweka unga chini ya mti wa msolo kwa ajili ya wafu wao. Marehemu aliweza kumjia mtu ndotoni, akadai haki yake au akatoa onyo. Mhubiri hakuhitaji kuwathibitishia watu hawa kwamba kuna maisha baada ya kifo. Jambo jipya lilikuwa kwamba mfu mmoja ametoka kaburini pamoja na mwili wake, asirudi tena kufa. Injili ya Luka inagusa swali hilohilo: wanafunzi walidhani wanaona roho, na Yesu akawaonyesha mikono na miguu, akala samaki mbele yao.

Uislamu nao ulikuwa umeshapita njia za misafara kutoka Lindi na Kilwa, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ulienea kwa nguvu katika vijiji vya uwanda wa Makonde. Kwa Waislamu, Nabii Isa anaheshimiwa sana, lakini Suratu An-Nisaa, aya ya 157 na 158, inakana kwamba aliuawa au kusulubiwa, na inasema Mwenyezi Mungu alimpandisha kwake. Hapa mjadala haukuanzia kaburini, ulianzia msalabani. Mkristo wa Newala aliyetaka kujadiliana na jirani yake ilimbidi kwanza aeleze kwa nini anaamini kwamba Yesu alikufa.

Katika mazingira hayo ndipo ugomvi wa Frank Weston unapoeleweka. Weston alikuwa Askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi kifo chake mwaka 1924, na Masasi na Newala zilikuwa sehemu ya dayosisi yake. Mwaka 1912 wataalamu wa Oxford walitoa kitabu kilichoitwa Foundations. Ndani yake B. H. Streeter aliandika kwamba kutokea kwa Yesu baada ya kufa kulikuwa kwa kweli, yaani Yesu aliye hai ndiye aliyejidhihirisha, lakini hakuona ulazima wa kuamini kwamba mwili uliozikwa ndio uliofufuka. Mwaka 1913 Weston alichapisha barua ya wazi kwa Askofu wa St Albans akiuliza Kanisa la Uingereza linasimamia nini hasa. Alilalamikia kitabu hicho pamoja na mkutano wa wamisionari uliofanyika Kikuyu, Kenya, mwaka huohuo. Mwaka 1915 Askofu Percival wa Hereford alipomteua Streeter kuwa kanoni, Weston alitangaza kwamba amevunja ushirika na askofu huyo.

Wengi Uingereza waliona amepita kiasi. Lakini mbele ya watu wa Masasi, tofauti aliyoitetea ilikuwa na uzito ambao haukuonekana kwa urahisi Oxford. Mahali ambapo wafu hutokea ndotoni, kusema tu kwamba Yesu aliwatokea wafuasi wake ni kusema jambo lililozoeleka. Kama mwili ulibaki kaburini, yeye ni mmoja wa wazee waliotangulia, hata kama ni mkubwa kuliko wote. Hata hivyo, kuonyesha kwamba fundisho fulani ni la lazima kwa imani hakutoshi kuonyesha kwamba lilitokea. Kwa hilo lazima kurudi kwenye ushahidi wenyewe.

Jambo la kwanza ni kifo. Karibu wanahistoria wote, wenye dini na wasio na dini, wanakubali kwamba Yesu alisulubiwa, mwaka 30 au 33 hivi. Injili zote nne na nyaraka za Paulo zinasema hivyo, na mwandishi wa Kirumi Tacitus, aliyeandika mnamo mwaka 116, anataja kwamba aliuawa kwa amri ya Pilato. Myahudi Yosefo, katika kitabu chake cha Mambo ya Kale cha mwaka 93 au 94, naye anamtaja Yesu, ingawa wataalamu wengi wanaona kwamba Wakristo waliongeza maneno yao katika kifungu hicho. Jiwe lenye jina la Pilato lilipatikana Kaisaria mwaka 1961. Vilevile, Wakristo wa kwanza wasingejitungia kifo cha aibu namna ile kwa Masihi wao. Mwislamu anayekana msalaba anafanya hivyo kwa kuamini ufunuo, na mjadala wa haki unapaswa kulitambua hilo waziwazi.

La pili ni umri wa ushuhuda. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, ulioandikwa kati ya mwaka 53 na 55, sura ya 15, Paulo anakumbusha mapokeo aliyopewa na wengine kabla yake: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akamtokea Kefa, kisha wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500, Yakobo na mitume wote. Mwishoni anajitaja mwenyewe. Katika waraka kwa Wagalatia anasema alionana na Kefa na Yakobo Yerusalemu miaka mitatu baada ya kuongoka. Kwa hiyo dai hili lilikuwako ndani ya miaka michache ya tukio, na Paulo aliwajua baadhi ya mashahidi.

Historia ya Masasi yenyewe inasaidia kupima muda huo. Uvamizi wa Septemba 1882 unajulikana kwa barua za wamisionari za wakati uleule na kwa masimulizi ya koo. Mtu aliyekuwa kijana siku ile angeweza kuusimulia miaka ya 1920, dayosisi ya Masasi ilipoanzishwa. Injili ya Marko, inayodhaniwa kuandikwa mnamo mwaka 70, iko mbali na msalaba kwa miaka kama hiyo arobaini. Masimulizi ya miaka arobaini hubeba kiini cha tukio vizuri, lakini mpangilio, idadi na majina huweza kuhama.

Ndivyo ilivyo katika Injili. Zote zinasema wanawake walilikuta kaburi wazi, lakini orodha ya wanawake, idadi ya malaika na mahali pa kutokea, Galilaya au Yerusalemu, zinatofautiana. Nakala mbili kubwa za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinamalizia Marko sura ya 16 kwenye mstari wa 8, wanawake wakikimbia kwa hofu, kabla ya tukio lolote la kumwona Yesu. Paulo anataja maziko lakini hataji kaburi tupu. Mambo haya yanapunguza nguvu ya maelezo madogomadogo. Upande wa pili, kuwaweka wanawake kuwa mashahidi wa kwanza ni jambo ambalo mtunzi asingelichagua. Yosefo anaandika kwamba ushahidi wao haukupokewa. Pia Mathayo anataja uvumi kwamba wanafunzi waliiba mwili, na uvumi huo unakubali kwamba mwili haukuwapo.

La tatu ni badiliko la wafuasi. Waliokimbia Yesu alipokamatwa walikuja kuhubiri hadharani Yerusalemu. Yakobo, mmoja wa ndugu za Yesu ambao Injili zinaonyesha kwamba hawakumwamini, akawa kiongozi wa kanisa na akauawa mwaka 62, kama Yosefo anavyoeleza. Paulo alikuwa mtesi wa Wakristo. Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba hakuna anayekufa kwa ajili ya uongo. Kusini mwa Tanzania hoja hii inahitaji uangalifu. Mwaka 1905 wapiganaji wa Maji Maji, wakiamini dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, walikwenda mbele ya bunduki za Wajerumani wakitumaini risasi zitageuka maji. Mwezi Agosti mwaka huo misheni ya Masasi ilichomwa moto, na vituo vya Wabenediktini vya Nyangao na Lukuledi vikashambuliwa. Ushujaa wao ulikuwa wa kweli, na maji hayakuzuia risasi. Basi kufa kunathibitisha unyofu wa mtu, hakuthibitishi kwamba anachoamini ni kweli. Tofauti iliyopo ni moja: wapiganaji walitegemea ahadi ya jambo litakalotokea, na mitume walidai wamekwisha kuona kwa macho yao. Hoja inayobaki ni kama macho hayo yanaweza kudanganyika.

Maelezo mbadala yametolewa kwa karne nyingi. Reimarus, ambaye maandishi yake yalichapishwa na Lessing miaka ya 1770, alisema wanafunzi waliiba mwili. Lakini wezi hawaelezi kuongoka kwa Paulo wala uvumilivu wa wote. Wengine walisema Yesu alizimia tu, na David Friedrich Strauss, asiyeamini miujiza, alilipinga wazo hilo mwenyewe, kwa kuwa mtu aliyedhoofika kwa majeraha asingeonekana mshindi wa mauti. Strauss alichagua maono yaliyotokana na majonzi na matumaini. Maelezo haya ndiyo yenye nguvu zaidi, kwani maono ya wafiwa ni jambo linalojulikana kila mahali, Newala ikiwamo. Udhaifu wake ni kwamba hayaelezi kaburi tupu, wala kwa nini watu waliojua habari za roho na ndoto walitumia lugha ya ufufuo wa mwili, jambo ambalo Wayahudi wengi walilitazamia siku ya mwisho tu. Kwa upande mwingine, Pinchas Lapide, mtaalamu Myahudi wa karne ya 20, alikubali kwamba Yesu alifufuka bila kumkubali kuwa Masihi wa Israeli.

Kanisa la Masasi halikusubiri mjadala huo uishe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza, na mapadre na walimu wa Kiafrika ndio walioendeleza sala. Mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi, Vincent Lucas akiwa askofu wake wa kwanza hadi 1944. Lucas anakumbukwa kwa kuipa jando sura ya Kikristo, akiamini kwamba imani mpya inaweza kukaa ndani ya desturi za watu bila kuzifuta. Hata hapo fundisho la mwili uliofufuka lilibaki kama Weston alivyolitetea.

Ukipimwa kwa haki, ushahidi unasimama hivi. Kwamba Yesu alisulubiwa ni hakika kwa kiwango ambacho historia ya kale huweza kufikia. Kwamba wafuasi wake waliamini mapema sana na kwa unyofu kuwa wamemwona hai, nako ni hakika. Kaburi tupu lina hoja nzuri upande wake, lakini si za kufunga mjadala. Kwamba Mungu ndiye aliyemfufua, mwanahistoria hana kipimo cha kulithibitisha wala kulikanusha. Anayeamini kuwa Mungu hutenda ataona ushahidi unatosha, na anayeona miujiza haiwezekani atachagua maono hata yakibaki na mapengo. Mkristo wa Masasi na Newala hana haja ya kuongeza chumvi katika ushahidi huu, na jirani yake Mwislamu au asiye na dini hana sababu ya kuudharau. Ni ushuhuda wa mapema, wa watu wenye majina, ulioandikwa wakati baadhi yao wangali hai.