Mshikio wa boneti ya Beetle ukikwama, usikimbilie mtaimbo

GARI aina ya Volkswagen Beetle, ambalo lilitwaa ushindi wa mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, liliacha kutengenezwa nchini Mexico Julai 2003, baada ya zaidi ya magari milioni 21 kuuzwa duniani. Wanaoendelea kuyatunza hukumbana na tatizo moja linaloonekana dogo: mshikio wa kufungulia boneti kushindwa kufanya kazi.

Injini ya gari hilo iko nyuma. Chini ya boneti ya mbele kuna tangi la mafuta, tairi la akiba na nafasi ya mizigo. Katika magari yaliyotengenezwa kabla ya Agosti 1967, hata mfuniko wa tangi umo humo ndani, hivyo boneti isipofunguka, gari haliwezi kujazwa mafuta. Kuanzia modeli ya mwaka 1968, mafuta hujazwa kwa nje, na mshikio ukahamishiwa ndani ya kisanduku cha dashibodi.

Mshikio huvuta waya wa chuma unaopita ndani ya bomba jembamba hadi kwenye komeo lililo mbele ya gari. Ukivutika kwa ulaini bila upinzani wowote, waya umekatika au umechomoka kwenye kibano chake. Ukiwa mgumu, huenda waya umeshika kutu au komeo limebanwa.

Hatua ya kwanza ni kumwomba msaidizi aikandamize boneti kwa viganja, juu ya komeo, wakati mwingine akivuta mshikio. Mara nyingi hilo huondoa mkazo na komeo huachia. Waya ukiwa umekatikia karibu na mshikio, ncha iliyobaki huweza kubanwa kwa koleo na kuvutwa taratibu.

Iwapo ncha haionekani, kazi hiyo aachiwe fundi mzoefu. Kulazimisha kwa mtaimbo hupinda bati, na kutoboa kwa mashine inayotoa cheche karibu na tangi la petroli ni hatari ya moto.

Boneti ikishafunguka, isifungwe tena kabla ya matengenezo kukamilika. Skrubu ya kibano hulegezwa, waya wa zamani huchomolewa kwa kuvutwa kutoka ndani ya gari, na waya mpya hupakwa grisi kabla ya kupitishwa kwenye bomba. Unapokazwa, uachiwe ulegevu kidogo ili komeo liweze kurudi mahali pake. Springi na komeo navyo husafishwa na kutiwa grisi.

Jaribio hufanywa boneti ikiwa wazi: komeo hufungwa kwa kusukumwa na bisibisi, kisha mshikio huvutwa. Likiachia mara kadhaa mfululizo bila kusita, ndipo boneti ifungwe.

Aidha, ndoano ya usalama ikaguliwe kabla ya safari. Bawaba za boneti hiyo ziko upande wa kioo cha mbele, hivyo komeo likiachia gari likiwa kasini na ndoano ikawa mbovu, upepo utaiinua boneti na kumziba dereva asione barabara.