Saa ya Mswisi Ifakara: Usinunue Stori

Wadau, mastaa wetu wakipiga picha siku hizi, mkono wenye saa ndo unatangulia. Na ukitaka kuuziwa saa ya bei mbaya hapa Ifakara, jiandae kusikia hii: "Babu aliachiwa na Mswisi."

Stori yenyewe ina mashiko. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walikuwepo bonde la Kilombero kabla ya uhuru. Miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel naye akaanzisha maabara hapa, ndo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Waswisi walikuwepo kweli, lakini hiyo haithibitishi saa ya babu.

Na historia inapandisha bei jamani! Kule Oman, Sultani Qaboos, aliyeshika madaraka 1970, alikuwa anagawa zawadi za Rolex zenye nembo ya jambia usoni. Leo mnadani nembo hiyo peke yake inaongeza pesa nyingi, ndo maana matapeli nao wanaichora.

Sasa fanya hivi. Omba cheti, linganisha namba yake na iliyochongwa kwenye saa. Fundi afungue mfuniko wa nyuma ukiona. Maandishi "Swiss Made" yasikuzuzue, hata feki zinayo. Uso uliopakwa rangi upya nao unashusha thamani.

Muuzaji akigoma saa isifunguliwe? Mwachie urithi wa babu yake, wewe shika hela yako.